Saa Moja Mpaka Saa Moja

Mlinzi wa usiku akiulizwa ratiba yake ikoje hujibu kwa pumzi moja: "Naingia saa moja, natoka saa moja." Mgeni wa lugha angedhani mtu huyu hafanyi kazi hata dakika. Msikilizaji wa Kiswahili hapati shida, kwa kuwa anajua saa zetu ni mikufu miwili: wa mchana unaoanza jua linapochomoza, na wa usiku unaoanza linapozama. Ratiba iliyobandikwa ukutani imeandikwa 19:00 hadi 07:00, lakini hakuna anayeisoma hivyo kwa sauti. Hata usiku wa manane tunauita hivyo kwa ajili ya saa nane, saa nane zilizohesabiwa toka giza lilipoingia. Nimekuja kuiheshimu hesabu hii kwa sababu isiyo ya lugha. Mwili nao huhesabu hivyo hivyo. Haujali tarehe inabadilika lini kwenye kalenda ya ofisi. Unajua mwanga umeingia au mwanga umeondoka, na kuanzia hapo hupanga shughuli zake zote, ya moyo ikiwemo.

Sisi tulioishi kwa ratiba ya zamu tuna neno letu la kumalizia mazungumzo. Ndugu akiuliza vipi mtu anaweza kukesha wiki nzima, tunasema "nimezoea". Muuguzi mwandamizi humwambia mgeni wa wodi kwamba miezi ya kwanza ni migumu lakini atazoea. Meneja hulisema kwa niaba ya watu wake, na watu wake hawambishii. Nimelisema mwenyewe kwa miaka, na nililiamini. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba neno hilo limekosea mahali pake. Anayezoea ni mtu: anazoea kula bila njaa, kulala kelele za mchana zikiwa zimepamba moto, kuchekeshana saa tisa usiku ili kope zisishuke. Moyo wake hauzoei. Na kwa kuwa moyo haulalamiki mapema kama macho yanavyolalamika, mtu huchukua ukimya wake kuwa ridhaa.

Tuanze na namna saa hiyo ya ndani inavyofanya kazi. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliochunguza nzi wadogo wa matunda na kuonyesha kwamba ndani ya seli kuna jeni zinazotengeneza protini inayojikusanya usiku na kumomonyoka mchana, mzunguko wa saa 24 au karibu na hapo, bila kuamriwa na mtu. Binadamu ana mashine ya aina hiyo hiyo. Saa kuu iko kwenye ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, na inarekebishwa na mwanga. Lakini viungo vingine navyo vina saa zao. Ini lina yake, ambayo husikiliza sana muda wa chakula. Moyo na mishipa ya damu ina yake. Mtu anayelala usiku na kula mchana, saa hizi zote zinakubaliana. Presha yake hushuka akilala, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 20, na moyo hupata pumziko ambalo hauna njia nyingine ya kulipata, maana wenyewe haulali. Alfajiri inapokaribia, homoni za kuamka hupanda, presha hupanda, damu huwa rahisi zaidi kuganda. Ndiyo maana mishtuko ya moyo hutokea kwa wingi zaidi saa za asubuhi kuliko wakati mwingine wa siku. Sasa mchukue mtu yule yule, mwambie asimame saa nane za usiku akisukuma kitanda cha mgonjwa, huku ubongo wake ukisema ni wakati wa kushusha presha. Mpe chipsi na soda wakati kongosho lake limepunguza kasi. Kisha umlaze saa tatu asubuhi, homoni za kuamka zikiwa zimeshapanda. Hapo hakuna saa moja iliyoharibika. Kuna saa nyingi zinazobishana.

Mabishano hayo yameshapimwa. Mwaka 2009 Frank Scheer na wenzake huko Boston waliwaweka watu 10 kwenye maabara yenye mwanga hafifu na kuwapa siku ya saa 28 badala ya 24, ili usingizi na chakula chao vizunguke mpaka vifike upande wa pili wa saa ya mwili. Walipofika hapo, sukari ilipanda ingawa mwili ulitoa insulini zaidi, presha ilipanda, na homoni inayomwambia mtu ameshiba ilishuka. Kati ya 8 ambao vipimo vyao vilikamilika, 3 walionyesha sukari ya baada ya kula inayolingana na ya mtu anayeinyemelea kisukari. Ilikuwa kazi ya siku chache tu, kwa watu waliokuwa wazima. Ninalikumbuka jaribio hili kila ninaposikia kwamba tatizo la watu wa zamu ni uvivu wa kufanya mazoezi.

Toka maabara twende kwenye umma. Mwaka 2012 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 34 zenye watu zaidi ya milioni mbili. Wafanyakazi wa zamu walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 23. Miaka minne baadaye, jarida la JAMA likatoa matokeo ya wauguzi wanawake wa Marekani wapatao 189,000 waliofuatiliwa kwa miaka 24: waliofanya zamu za usiku za kupokezana kwa miaka 10 au zaidi walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyozidi kwa asilimia 15 hadi 18, na waliofanya kwa miaka michache walizidi kidogo tu. Tarakimu hizi zinataka kusomwa kwa utulivu. Asilimia 23 haina maana kwamba kati ya watu 100 wa zamu 23 wataanguka. Tuseme kwa mfano kwamba kati ya wafanyakazi 1,000 wa mchana, 30 wangepata mshtuko wa moyo katika muda fulani. Basi kati ya 1,000 wa zamu wangepata kama 37. Saba wameongezeka. Hakuna daktari atakayeweza kuwanyooshea kidole saba hao na kusema hawa ndio wa zamu, na hapo ndipo suala zima linapopotelea. Ajali ya mashine ina tarehe na shahidi. Mshtuko wa moyo wa mtu wa miaka 54 una ndugu wanaosema presha ilikuwa ya ukoo.

Mwenye kutaka kupinga atapata silaha kwenye uchambuzi ule ule wa 2012, na ni haki yake kuitumia: haukuona ongezeko la vifo. Mishtuko iliongezeka, vifo havikuongezeka. Jibu langu ni kwamba tafiti hizi kwa sehemu kubwa zimefanywa katika nchi tajiri, ambako gari la wagonjwa hupigiwa simu likaja, na mshipa ulioziba ukazibuliwa siku hiyo hiyo. Mshtuko usioua pale si lazima usiue hapa. Tanzania ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tangu 2015, na ni msaada mkubwa, lakini iko Dar es Salaam. Fundi wa zamu anayeshikwa na kifua wilayani anaanza safari kwa bodaboda.

Turudi kwa "nimezoea", maana hoja hii ina nguvu na haiondoki kwa kukemewa. Wapo watu waliofanya usiku miaka 25 na wanatembea. Je, si ushahidi? Jibu la kwanza linatoka kwenye homoni ya melatonini, ambayo hupanda gizani na kushuka kwenye mwanga, kwa hiyo ni shahidi mzuri wa saa ya ndani inasoma nini. Mwaka 2008 mtafiti Simon Folkard alikusanya tafiti zilizopima melatonini kwa watu wanaofanya usiku tu, wasiobadilishwa zamu kabisa, yaani wale wenye nafasi nzuri kuliko wote ya kuzoea. Chini ya asilimia 3 ndio waliokuwa wamegeuza saa yao ya ndani kikamilifu. Chini ya robo walikuwa wameigeuza kiasi cha kuwasaidia. Waliobaki walikuwa watu wa mchana waliokuwa macho usiku. Wapo waliogeuka vizuri zaidi, wafanyakazi wa mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, na sababu yake ni fundisho tosha: wanaishi kwenye jukwaa la chuma katikati ya maji, hawana safari ya kurudi nyumbani asubuhi, hawana mtoto wa kupeleka shule, na kila aliye karibu nao ana ratiba ile ile. Sisi tulio karibu na ikweta tuna hali iliyo kinyume kabisa. Jua letu halina msimu wa kuchelewa; linachomoza kwenye saa kumi na mbili, mwaka mzima. Mtu anayetoka zamu saa moja analipokea usoni kituoni akisubiri daladala, na mwanga huo wa asubuhi ndio unaoirudisha saa ya ubongo pale pale ilipokuwa jana.

Jibu la pili ni la kina zaidi, na linatoka kwenye kiwanda cha karatasi. Mwaka 1986 Anders Knutsson na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet habari za wafanyakazi 504 wa kiwanda cha karatasi nchini Sweden waliofuatiliwa kwa miaka 15. (Anayekijua kiwanda cha Mgololo kule Mufindi hahitaji kuelezwa kwa nini kiwanda cha karatasi hakilali: mtambo ule ukizimwa, kuuwasha tena ni hasara ya pesa na malighafi.) Hatari ya ugonjwa wa moyo ilipanda kadiri miaka ya zamu ilivyoongezeka, mpaka kufika zaidi ya mara mbili kwa waliofikisha miaka 16 hadi 20. Halafu, kwa waliozidi miaka 20, ikashuka. Msomaji wa haraka atasema: basi wamezoea. Tazama vizuri. Anayefikisha miaka zaidi ya 20 ya zamu si mtu wa kawaida aliyeokotwa njiani, ni aliyebaki. Mwenye presha amehamishiwa stoo, mwenye kisukari ameomba mchana, aliyechoka ameacha kazi, mwingine amezikwa. Anayebaki ana mwili wa kipekee, na sisi tunamchukua yeye kuwa kielelezo cha wote. Kila sehemu ya kazi ina mzee wa namna hiyo anayetolewa mfano kwa vijana. Ushahidi wa kuzoea umejengwa kwa watu ambao chujio halikuwatoa, huku tuliyekuwa tunahitaji kumuuliza hayupo tena kwenye orodha ya zamu.

Kuna pingamizi jingine lililo la kwetu zaidi. Kukesha si jambo lililoletwa na viwanda, watu husema. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku, toka enzi za karabai mpaka hizi taa za sola. Ngoma zimekesha, matanga yamekesha, na mwezi wa Ramadhani nusu ya pwani hula daku na kuzungumza barazani hadi usiku mkubwa. Nalikubali lote, na nadhani linaunga mkono upande wangu. Wavuvi wa dagaa hutafuta giza. Mbalamwezi ikiwa kali samaki hawafuati taa, kwa hiyo mwezi mpevu huwapa likizo ambayo hakuna ofisa utumishi anayeweza kuifuta. Ngoma ni usiku mmoja, na kesho yake hakuna anayemshangaa aliyelala. Ramadhani ina kikomo cha siku 29 au 30, na jambo kubwa zaidi, mji mzima husogea pamoja: sauti hushuka asubuhi, maduka huchelewa, na anayesinzia mchana husamehewa. Mila zilizokesha zilijua kulipa usingizi. Zamu ya kisasa humchukua mtu mmoja usiku, ikamrudisha kwenye mtaa uliojaa mchana wa watu wengine: mashine ya kusaga inanguruma, jirani ana msiba na anatarajia kumwona.

Wapo watakaosema kinachoua ni umaskini, sigara na mafuta ya chipsi, na kwamba zamu inasingiziwa tu. Ni kweli kwamba watu wa zamu huvuta zaidi na hula vibaya zaidi. Lakini wauguzi wale wa Marekani walikuwa watu wa taaluma moja, na watafiti waliondoa katika hesabu yao sigara, chakula, uzito na mengineyo. Hatari ilipungua, haikuisha. Watu 10 wa Boston hawakuvuta sigara wala kuagiza chipsi. Tena, kutenganisha chipsi na zamu ni hesabu ya mezani. Saa saba usiku nje ya geti la hospitali hakuna anayeuza mchicha. Kuna banda la chipsi, kuna maandazi ya jioni, kuna vinywaji vya kuongeza nguvu vya chupa ndogo. Mtu hachagui chakula hicho licha ya zamu. Zamu ndiyo iliyomchagulia.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni la wafanyakazi wenyewe, kwa sababu wengi wanaipenda zamu ya usiku. Wakubwa hawapo, msongamano wa barabarani haupo, na mchana unabaki kwa kibanda, shamba au masomo. Siwezi kumwambia mtu anayesomesha watoto kwa kibanda kwamba akifunge akalale. Ninachoweza ni kuuliza bei. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inahesabu usiku kuwa baada ya saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Anayelipwa shilingi 2,000 kwa saa ataongezewa 100. Kwa saa nane, 800: chai na maandazi mawili. Sibezi kifungu hicho. Wengi hata hizo hawapewi. Nasema tu kwamba fidia ya pesa, iwe asilimia 5 au 50, inamlipa mtu kwa usumbufu wake, wakati deni lenyewe linaandikwa kwenye mishipa.

Kwa hiyo pesa iwepo, lakini mabishano ya kweli yawe juu ya ratiba. Hospitali haitafungwa usiku, bandari ya Mombasa haitazima taa, na sijamsikia mtu mwenye akili timamu akidai hivyo. Ila namna ya kupanga zamu si amri ya Mungu. Mwaka 1983 Kristina Orth-Gomér alichapisha jaribio lililofanywa kwa polisi wa Stockholm: zamu zilipopokezana kwa kwenda mbele, asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, mafuta na sukari katika damu yao vilikuwa chini kuliko zilipozunguka kinyume. Polisi wale wale, mji ule ule, mishahara ile ile. Kilichobadilika ni mwelekeo wa kalamu ya aliyepanga rosta. Mwili huvumilia kuchelewesha usingizi kuliko kuuwahisha, kila mtu anayejaribu kulala saa moja jioni anajua. Hata hivyo ratiba nyingi hupangwa kwa kuziba mapengo: nani anaumwa, nani ana harusi, nani hawezi kukataa. Chakula nacho ni suala la ratiba. Mwaka 2021 timu ya Boston iliwaweka watu 19 kwenye zamu ya usiku ya kuigiza. Waliokula usiku sukari yao ilipanda kwa asilimia 6.4, waliokula mchana peke yake haikupanda. Mwaka 2025 wakatoa matokeo ya moyo kutoka kwa watu 20, na picha ilikuwa ile ile: viashiria vya hatari viliharibika kwa waliokula usiku, vikatulia kwa waliokula mchana. Watu 20 ni wachache, na sitamshurutisha mtu anayebeba magunia akae na njaa mpaka kuche. Lakini kumpa muuguzi nafasi ya kula vizuri kabla ya kuingia, badala ya kuita kikao cha makabidhiano saa ile ile ya chakula, hakuhitaji bajeti.

Nimemwacha mlinzi mwisho, na yeye ndiye aliyeanza. Muuguzi ana chama, ana nesi mkuu wa kumlilia, na utafiti ule wa wauguzi unampa hata faraja: waliokuwa wameacha zamu za usiku, kadiri miaka ilivyopita ndivyo hatari yao ilivyopungua. Mlinzi huanza pale wengine wanapoachia. Tazama mageti ya Dar es Salaam au Nairobi: wengi ni watu wa makamo na wazee, wastaafu wa kazi nyingine, wanaoshika lindo katika umri ambao moyo ndio unaanza kudai haki yake. Akiingia saa moja na kutoka saa moja kwa siku 6, amefanya saa 72 kwa wiki, wakati sheria ya Tanzania Bara inataja 45 za kawaida. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa mwaka 2016 pekee, na hesabu hiyo ilitazama wingi wa saa tu, haikuuliza kama ni za mchana au za usiku.

Sheria ile ya 2004 ina mlango mmoja kwa ajili ya mlinzi huyo. Mfanyakazi wa usiku akithibitishwa na daktari kwamba hafai kufanya kazi usiku, mwajiri anatakiwa amhamishe, isipokuwa kama haiwezekani. Tuseme inawezekana. Bado inabidi daktari amwone. Kliniki ya presha inafunguliwa saa mbili asubuhi, saa moja baada ya yeye kukabidhi lindo, na foleni yake inaweza kufika saa sita. Akienda, kipimo kitafungwa kwenye mkono wa mtu ambaye hajalala kwa karibu siku nzima, na namba itakayotoka, ya juu au ya chini, haitasema chochote kuhusu presha yake ya saa nane usiku, ambayo ndiyo iliyotakiwa kushuka. Asipokwenda, atakuwa amelala, na kesho yake mwenzake akimuuliza hali atasema amezoea.